Kalenda ya Bibi Kabula

Asubuhi ya Jumamosi ambayo nilipaswa kwenda Kisesa kujitambulisha kwa wazazi wa Getruda, yeye mwenyewe alinikuta uani kwangu Buhongwa nikipiga pasi shati. Hakubisha hodi. Alisukuma geti, akasimama mbele yangu na begi lake la turubai begani, akanitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake katika miaka mitatu ya kupendana.

"Jonathan, leo Kisesa hatuendi."

Mama yangu, Adventina, alisikia kutoka jikoni. Alikuwa amefika juzi kutoka Bukoba na mikungu miwili ya ndizi, kahawa ya kutafuna na gauni jipya, vyote kwa ajili ya siku hiyo. Akatoka akifuta mikono.

"Shikamoo mama," Getruda alipiga goti.

"Marahaba. Mbona hatuendi? Wazazi wako wamegeuka?"

"Wazazi wako palepale, mama. Mimi ndiye nina kazi ng'ambo. Kazi ya haraka."

"Kazi," mama alirudia, kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi.

Niseme ukweli, mama hakumtaka Getruda. Hakuwa na neno na sura yake, maana sura ile hata adui angeisifu. Wala hakuwa na neno na Usukuma wake, au ndivyo alivyodai. Alichogombana nacho ni kalamu. Getruda Mihayo ndiye yule anayewachora wakubwa kwenye gazeti la kila wiki, wana matumbo ya kiboko na vitambi vyao vimebebwa na watu wengine kwenye toroli. Mama yangu alikuwa muuguzi miaka thelathini na minne, akastaafu bila kuandikiwa barua hata moja ya onyo. Hakuelewa mtu anawezaje kula kwa kuwachokoza wenye vyeo. "Siku moja atakuletea polisi mezani," alikuwa akiniambia, "na wewe utawapakulia."

Hakujua kwamba zile za gazeti ni nusu ndogo ya kazi ya Getruda. Nusu kubwa ni hadithi za picha za Bibi Kabula, kikongwe mwenye jembe na miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kila mara anamfundisha mwananchi jambo moja kuhusu haki yake, bila neno hata moja kuandikwa. Wavuvi na wauza mchicha wanamjua Bibi Kabula kama shangazi yao. Mimi ndiye niliyekuwa nazipanga picha hizo kwenye kurasa, katika kiwanda cha uchapaji ninachofanyia kazi mjini. Ndiko tulikokutana. Nilizipenda picha kwa mwezi mzima kabla sijathubutu kumpenda mchoraji.

Getruda alifungua begi, akatoa kalenda, akaitandaza juu ya meza ya pasi.

"Unaikumbuka?"

Ningeisahau vipi? Ilikuwa kalenda ya mwaka huu, karatasi moja kubwa, na juu yake picha nne. Katika ya kwanza Bibi Kabula yuko peke yake nyumbani, anatia dole gumba kwenye karatasi ya mgeni. Katika ya pili yuko kando ya barabara, amekalia furushi. Katika ya tatu amesimama na karatasi ileile mbele ya mkutano wa kijiji, watu wamenyoosha mikono. Katika ya nne analima, mahindi yamemfika mabegani. Maana yake hata mtoto anaijua: ukitia dole peke yako utafukuzwa, ukipeleka karatasi mkutanoni utabaki.

Getruda alizichora picha zile kwenye safu moja ndefu, kutoka juu kwenda chini. Safu hiyo ilikuwa inaacha pengo jeupe pembeni, nami nina ugonjwa, sipendi pengo. Nikazipanga mbili juu, mbili chini, zikakaa mraba safi. Nilijisifu siku nzima.

"Jana nilikuwa Kasalaga," alisema. Kasalaga ni kijiji cha wavuvi ng'ambo ya Busisi. "Nikamwomba Bibi Mhoja anisimulie picha."

Hiyo ndiyo kawaida yake. Kila anachochora anakifuata mpaka kwa wasomaji wake, na hawaulizi kama wameelewa, kwa sababu anasema Msukuma mwenye adabu hawezi kumwambia mgeni kwamba hajaelewa. Anawaambia tu, "Nisimulie ulichoona," kisha ananyamaza.

"Akasemaje?"

"Alianza hapa." Aliweka kidole kwenye dole gumba la Bibi Kabula. "Ametia dole." Kidole kikashuka kwenye mkutano. "Watu wakamshangilia." Kikapanda juu kwenye furushi. "Akahamishwa." Kikashuka kwenye mahindi. "Akapewa shamba zuri kuliko la kwanza." Akanitazama. "Leo saa saba mchana anakuja mtu na karatasi. Anautaka ufukwe wa Bibi Mhoja aweke vizimba vya samaki. Bibi ameshaosha kidole, Jonathan."

"Lakini nani anasoma kwenda chini?" nilipiga kelele. "Watu wanasoma kwenda kulia!"

Getruda alikisogeza kidole chini ya picha, kwenye tarehe. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, zimesimama moja juu ya nyingine, na tarehe zinashuka. Moja, mbili, tatu, nne, kwenda chini, kisha unapanda tena juu kwenye safu inayofuata. Mimi mwenyewe ndiye niliyezipanga zishuke, kama zinavyoshuka kwenye kalenda nyingi za ukutani. Mtu ambaye hajazoea vitabu vya picha, lakini amesoma kalenda maisha yake yote, angeanzia wapi?

Harufu ya kitambaa kuungua ndiyo iliyonizindua. Shati langu la posa lilikuwa na alama ya pasi mgongoni.

"Ulimweleza?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"Mpaka koo likakauka. Akanijibu, 'Mjukuu wangu, maneno ya mdomo yana upepo. Hii imetundikwa.' Na imetundikwa kila nyumba pale."

"Hebu nione," mama alisema. Akaichukua kalenda, akaiinamia. "Mbona hii ninayo sebuleni! Mwanangu aliniletea mwenyewe."

Getruda alimgeukia taratibu. Nilijua anachotaka kufanya, nikaomba Mungu asifanye.

"Mama, nisimulie ulichoona."

Mama alivaa miwani, akaanza. Ametia sahihi. Akashuka: wamempigia kura. Akapanda: amefungasha. Akashuka. "Amepata shamba jipya. Nilidhani ni tangazo la mashamba mapya, nikasema, heri yao." Akatutazama, akaona nyuso zetu, Kihaya kikamtoka. "Waitu! Siyo?"

"Siyo, mama."

"Tangu Januari naitazama!"

Ardhi ingepasuka, ningeingia kwa hiari yangu na kufunga mlango. Mama alivua miwani, akafunga vizuri kanga yake.

"Twendeni huko ng'ambo."

"Mama, wewe pumzika tu..."

"Nipumzike na ndizi? Nimedanganywa na mwanangu wa kumzaa miezi minne. Nataka kuona inavyotengenezwa."

Jirani yangu Masele alituazima pikapu yake ya milango minne. Mama alikaa mbele, Getruda nyuma. Tangu tunatoka Buhongwa nilikuwa namtafuta kwenye kioo, naye alikuwa anatazama dirishani. Nilikuwa namjua anavyokasirika. Hukunja pua, hutupa penseli, na baada ya nusu saa hucheka. Hii haikuwa hasira. Mara moja tu macho yetu yalikutana kiooni, akanitazama kama anavyotazama mchoro ambao hajaamua kama auchane au autunze. Moyo wangu ulikwenda mbio kuliko pikapu.

"Getruda," nilisema, na mama akisikia asikie, "tukitoka huko bado tunaoana?"

"Endesha gari, Jonathan."

Tulivuka daraja la Kigongo. Siku nyingine angenigusa bega anionyeshe mitumbwi kule chini, jinsi inavyokuwa midogo. Siku hiyo aliangalia saa.

Nyumba ya Bibi Mhoja iko juu kidogo ya maji, na mbele yake kuna jiwe pana la kuanikia dagaa. Yeye mwenyewe ni mama wa umbo dogo, aliyenyooka mgongo, anayeishi peke yake tangu mumewe afariki. Alitupokea kwa furaha, akatuwekea vigoda.

"Mwangaluka, mayu," Getruda alimwamkia kwa Kisukuma, akiinama.

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Umekuja kunisindikiza kwenye shamba jipya?"

Getruda aliomba kitu kimoja tu, kwamba majirani waje na kalenda zao. Baada ya nusu saa uwanja ulijaa. Watu walizileta wamezibeba kwa heshima, nyingine bado na kamba yake ya kutundikia. Sikuwahi kuona kazi yangu nyingi hivyo mahali pamoja, na sikuwahi kuionea aibu kiasi hicho.

"Jonathan," Getruda alisema mbele ya watu wote, "waambie nani alizipanga picha hizi."

Nilimtazama anihurumie. Hakunihurumia. Basi nikasimama mbele ya watu kama sitini, na mama yangu kati yao, nikasema ni mimi. Kwamba picha zilikuwa kwenye safu moja nikazivunja. Kwamba hadithi waliyoisoma siyo aliyoichora yeye.

Mzee mmoja mvuvi alicheka. "Kumbe wewe ndiye uliyemhamisha bibi!"

Wote wakacheka. Bibi Mhoja hakucheka.

"Mjukuu," aliniuliza, "kwa nini ulizivunja?"

"Niliona zinapendeza hivyo, bibi."

"Zikampendeza nani?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo.

Getruda alitoa mkasi kwenye begi. Akaichukua kalenda ya Bibi Mhoja kwa mikono miwili, akamwomba ruhusa kwa macho, akapewa. Kisha akaikata. Alipitisha mkasi katikati ya ule mraba niliojisifu nao, mara moja kwa urefu, mara moja kwa upana, akampa bibi picha nne mkononi. Akaupitisha mkasi kwa watu wengine nao wakate zao.

"Zipangeni," alisema. "Hadithi ni yenu."

Akarudi nyuma, akaweka mikono mgongoni.

Nimewahi kuona walimu, wachungaji na maofisa wakielimisha watu. Wote huongea. Sikuwahi kuona mtu anayeelimisha kwa kunyamaza namna ile, macho yamefumbuka, pumzi ameishika, kama mtu anayesubiri mtoto apige hatua ya kwanza na amejikataza asimshike. Watu walipiga magoti kwenye lile jiwe. Waliweka picha, wakazigandamiza kwa vijiwe zisipeperuke, wakaanza kubishana.

"Mkutano unatangulia!"

"Utatanguliaje na yeye ameshatia dole?"

"Kama ametia dole, karatasi anayoionyesha mkutanoni inatoka wapi?"

"Hapo kweli."

"Na furushi? Furushi linakaa wapi?"

Bibi Mhoja alikuwa upande wake peke yake. Aliziweka picha kama zilivyokuwa ukutani, akazisimulia kwa midomo bila sauti, akazitazama. Akaishika ile ya mahindi, akaisogeza karibu na macho. Akaishika ile ya dole gumba, akaiweka pembeni yake.

"Nyamazeni," alisema.

Walinyamaza.

"Hapa juu ya bati kuna tairi." Aligusa picha ya kwanza. "La kuzuia upepo. Limepasuka upande huu." Akagusa ya nne, mahali nyuma ya mahindi, paa dogo lisilozidi ukucha. "Na hapa kuna tairi. Limepasuka upande huohuo."

Nilisogea, nikainama. Lilikuwepo. Nilikuwa nimeikuza picha ile kwenye kompyuta mara mia, nimeisafisha, nimeipima kwa milimita, na sikuwahi kuliona lile tairi.

"Nyumba ni ileile," Bibi Mhoja alisema polepole. "Huyu hakuhama. Huyu amebaki kwake." Mikono yake ilianza kutembea haraka. Akaweka dole gumba, na chini yake furushi. Akaacha nafasi. Akaweka mkutano, na chini yake mahindi. "Hizi ni njia mbili. Bibi ni mmoja, njia ni mbili." Akakaa chini juu ya jiwe kama aliyevutwa. "Yesu wangu. Na mimi nimeshaosha kidole."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia maji yakigonga mawe kule chini. Mama yangu, ambaye sijui alifika saa ngapi pembeni yangu, alinishika mkono akaubana kama tulipokuwa tunamzika baba. "Waitu," alinong'ona, "huyu binti ana nini?"

Nilimtazama Getruda. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mikono bado ameiweka mgongoni. Nilikuwa nampenda tangu zamani, nilidhani nimeshafika mwisho wa kumpenda. Pale nilimwogopa. Nilimwogopa kama unavyoliogopa ziwa unapoliona kwa mara ya kwanza na hujui ng'ambo yake iko wapi. Nilijiuliza, mimi wa kupanga miraba, nimetoa wapi ujasiri wa kumtaka mtu kama huyu?

Saa saba kamili gari jeupe lilifika. Mtu mwenyewe alikuwa mpole, karatasi yake iko ndani ya faili la plastiki. Bibi Mhoja alimwamkia vizuri, akampeleka mpaka kwenye jiwe.

"Baba, kabla ya kazi, nisimulie ulichoona hapa."

Yule bwana alitazama picha nne. Akazitazama tena. Alitazama watu sitini waliokuwa wanamtazama. Akatoa kitambaa, akajifuta shingo.

"Bibi, mimi nimeleta karatasi tu."

"Ipeleke mkutanoni, baba. Ni Jumatano. Nami nitakuwepo, tutaisoma wote."

Aliagana na kila mtu kwa mkono, kwa adabu zote, akaondoka nayo.

Mama alitoa mkobani kahawa iliyokuwa ya wakwe wa Kisesa, akakaa na Bibi Mhoja wakaitafuna kama marafiki wa zamani. Nilimkuta Getruda chini, amevua viatu, miguu iko majini.

"Naruhusiwa kukaa?"

"Kaa."

Nilikaa. Nilitaka kumgusa bega, mkono ukakataa kunyanyuka.

"Kalenda ilipotoka hukusema kitu," nilimwambia. "Nilidhani umeipenda."

"Niliichukia dakika ileile." Alitazama maji. "Nilitaka niseme. Halafu nikakuona ulivyokuwa unachekelea, nikajiambia, ni Jonathan wangu, nisimvunje moyo. Angekuwa mpangaji mwingine ningemrudishia zote. Unaona nilichofanya? Nilikupenda wewe, nikamsahau Bibi Mhoja. Usiku kucha nimekuwa najiuliza nani ana kosa kubwa zaidi kati yetu."

"Mimi."

"Wewe hukujua. Mimi nilijua."

Nikakusanya nguvu. "Kwa hiyo unaniacha."

Aligeuka, na kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama kwa macho yale yale niliyoyajua kwa miaka mitatu.

"Nikikuacha nitachora nini, kwa moyo gani? Sikuachi. Lakini siwezi kukupenda na kukukagua. Nimejaribu, nimeshindwa, na aliyekaribia kulala barabarani ni bibi wa watu. Uwe mume wangu, Jonathan. Kurasa nitampa Winnie."

Winnie ni binti wa pale kiwandani. Mimi ndiye niliyemfundisha kupanga ukurasa wake wa kwanza.

"Hata ukurasa mmoja sitagusa?"

"Hata mmoja."

Nilikuwa nimejiandaa kumpoteza yeye. Nilikuwa na maneno yangu ya kubembeleza tayari tangu darajani. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Kurasa zile ndizo zilizonifanya niamke asubuhi. Kwa miaka mitatu nilikuwa mtu wa kwanza duniani kumwona Bibi Kabula kila mwezi, wino haujakauka. Nilitamani kubisha, kisha nikakumbuka tairi ambalo sikuliona.

Nilitoa funguo mfukoni. Kwenye pete yake kulikuwa na flashi ndogo nyeusi yenye kila picha aliyonipa tangu siku ya kwanza. Ilikataa kutoka, ikabidi nitumie meno. Nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Inauma?"

"Inauma, Getruda. Sana."

"Ingekuwa haiumi ningeogopa," alisema. Akalaza kichwa begani kwangu, tukalia wote wawili mchana kweupe, mbele ya mama yangu, Bibi Mhoja na kijiji kizima.

Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akasimama, akatafuta viatu vyake.

"Nyanyuka. Baba yangu amechinja tangu alfajiri, na mkwe hajafika."